Bibi Hajaamka

Mwandishi wa mchezo wa redio alikuwa na mtindo wake wa kazi, na ndio uliomponza. Haandiki kitendo mpaka akifanye mwenyewe. Mhusika akipanda ngazi, naye anapanda, asikie pumzi inakatikia wapi, maana redioni mtu hana mwili ila pumzi yake. Basi mgongo ulipomkamata, baada ya miaka ya kukunja shingo juu ya kompyuta, kubana mkojo mpaka ukurasa uishe na kuita biskuti chakula, alifanya ujanja aliouona ni akili nyingi: alimlaza Bibi wa mchezo kitandani.

Kazi ikawa mteremko. Yeye amelala chali, anaandika Bibi amelala chali. Wasikilizaji walilia, wakapiga simu studio, naye akajipongeza, mjinga wa watu. Dada yake muuguzi alimsihi aende akafanyiwe mazoezi ya mgongo. "Kesho," alimjibu. Neno hilohilo akampa Bibi. Wajukuu wakimwita mezani, Bibi hujibu, "Kesho, baba. Kesho."

Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mtayarishaji, ambaye studio nzima inamwita Haraka, alishasema wazi: leo Bibi aamke au afe, watu wamechoka na kitanda. Na Bibi akifa, mama mzee anayemwigiza hana nafasi nyingine. Mwandishi alimpenda mama huyo kuliko mchezo wenyewe. Tangu asubuhi alikuwa akiandika "Bibi anaamka" na kufuta. Hakujua tena mtu huamkaje.

Alasiri, mama mzee akaja mwenyewe.

"Hodi! Mwanangu, wenzetu wanasubiri karatasi."

"Karibu, mama. Sijamaliza."

Mama alikuwa amekuja na maneno makali. Akatazama makombo kwenye shuka, dirisha lisilofunguliwa, nywele zilizosahau kitana, na maneno yakamwisha. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Umenilaza mpaka kiuno kimeanza kuniuma kweli," alisema. "Niamshe basi."

"Siwezi, mama. Mpaka kwanza niamke mimi."

"Si uamke? Nitakushika."

Akapitisha mkono chini ya mabega yake. Mwandishi akageuka ubavu, akashusha miguu kama dada yake alivyomfundisha, akajisukuma. Aliinuka nusu. Kisha maumivu yakampiga kiunoni, akapiga yowe, na mama wa watu hakuwa na nguvu za kuwatosha wawili. Mwandishi akarudi chali. Mama akaanguka kando yake, kilemba kimemfunika jicho, kompyuta ikateleza upande wa pili wa kitanda. Siku nyingine wangecheka mpaka wakohoe.

"Nisamehe, mama," mwandishi alisema huku analia. "Nimekuponza."

"Ningekuwa najua kuandika, ningetuamsha wote. Mimi najua kusema ya wenzangu tu."

Simu ikaita. Mama akaipokea na kuweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Mwandishi!" Haraka aliita. "Vipi, Bibi ameamka?"

Mama akaitazama kompyuta, ukurasa mweupe pe. Akaisogeza simu mdomoni na kujibu kwa sauti ileile iliyokuwa ikiwaliza wasikilizaji.

"Kesho, baba. Kesho."

Haraka akaitambua sauti ya mama mzee.

"Pole, mama," alisema kwa upole ambao hawakuuzoea kwake. "Basi njoo tu. Kufa hakuna maneno mengi. Hiyo naiandika mwenyewe hapahapa."

Mwandishi alitaka kumshika mama mkono asiende, lakini hata kugeuka alishindwa. Mama akasimama polepole, akishikilia meza, akivuta pumzi mara mbili kabla kiuno hakijanyooka. Mwandishi aliisikia. Ndiyo ile pumzi aliyoitafuta tangu asubuhi, na kompyuta ilikuwa kulekule upande wa pili, mkono haufiki.

Mama akamfunika shuka, akafunga kilemba vizuri, akaenda studio kufa.