Daftari la Mambo Matatu

Meneja wa kiwanda cha dobi alirudi kutoka semina ya furaha na daftari jipya, akalitundika mlangoni kwenye msumari wa daftari la ubovu wa mashine. Kila mtu akimaliza zamu aandike mambo matatu mema ya siku hiyo. Malalamiko yanachosha moyo, alisema, na lile la ubovu akalifungia kabatini.

Watu walicheka chini kwa chini. Mama Pasi, mjane aliyenyoosha shuka za hospitali miaka kumi na miwili, hakucheka. Aliandika, na wiki ya pili akashangaa anapata usingizi. Tangu mumewe afe hakuna aliyekuwa akimuuliza siku yake imekwendaje. Akazoea kusoma na ya wenzake kabla ya kushika pasi, maana furaha ya mwenzio nayo inachangamsha.

Mchana ule, saa nane kasoro, alisoma ya mzee wa boila, lile tangi la chuma la kuchemshia maji, aliyemaliza zamu ya asubuhi: "Chai ilikuwa na maziwa. Mgongo haukuuma. Boila limepata joto upesi kuliko siku zote, Mungu mkubwa."

Alirudia mstari wa mwisho. Mumewe alilitunza boila hilohilo hadi kufa kwake, na mezani hakuwa na habari nyingine: likiwahi kupata joto, ujue maji yamepungua tumboni. Na likishakauka usilitie maji baridi, litapasuka na wewe. Sasa zamu ilishikwa na mdogo wake Mama Pasi, wa mwisho kwao, mwenye mwezi mmoja tu kazini.

Alikimbia. Kandambili moja ilibaki kwenye korido. Alimkuta ameshika mpini wa bomba la maji, jasho linamtiririka.

"Acha hilo bomba."

"Dada, mshale wa joto umepanda mno. Nalipoza."

"Kioo cha kupimia maji kinasemaje?"

"Kimejaa kutu, sioni kitu."

"Toa mkono. Zima moto tutoke."

"Meneja atasema nimesimamisha kazi."

"Mkono, nimekwambia."

Alisita. Mama Pasi aliona vidole vyake vikikaza kwenye mpini. Kisha vidole vikaachia, akazima moto, wakatoka.

Walisimama uani na wenzao wote, mbali na ukuta, wakisikiliza chuma kikilia ndani. Muda wote huo hakumwachia mdogo wake kiganja. Jioni fundi alilifungua boila, akasema humo ndani hamkuwa na maji hata ya kunawa uso.

Meneja alikaa juu ya ndoo. Mama Pasi alimnyooshea mkono, naye akatoa ufunguo wa kabati bila kuulizwa. Madaftari yote mawili yakatundikwa msumari mmoja.

Katika lile la ubovu aliandika: "Boila limekauka. Kioo hakionyeshi." Akafungua la pili. Alijaza mistari yote mitatu.

"Mdogo wangu. Mdogo wangu. Mdogo wangu."