Tunaketi kwa Walio Hai

Mimi ni mwoga. Niseme mapema, mtu asije akanivisha sifa za bure. Nikisikia kishindo sokoni, mimi ndiye wa kwanza kuacha viazi vyangu na kutoka mbio, na soko lote la Isiolo linanijua hivyo. Wananicheka, "Mama Kobia, rudi, ni tairi tu imepasuka!" Wacheke. Leo ni tairi, kesho je?

Sasa huyu mwoga ndiye aliyekuwa akitaja majina kanisani kwetu Chechelesi. Kazi yenyewe ni ndogo. Mahubiri yakiisha unaenda mbele, unapewa maiki, unawataja wagonjwa, walio safarini na wenye mitihani, halafu mwisho kabisa unawataja waliolala, yaani waliokufa. Majina nilikuwa nayo kichwani, maana watu huniambia shida zao wakinunua viazi. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunitisha eti kwa sababu nimemtaja mtu mwenye presha.

Kanisa letu lilikuwa kanisa la amani, yaani kanisa la kunyamaza. Mheshimiwa akija, kiti cha mbele kinapanguswa, akina mama tunaimba mpaka mishipa ya shingo inatoka, na Mzee Kubai, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, anampa maiki "asalimie watu kidogo." Hicho kidogo kinatupeleka mpaka chakula kinapoa. Mifugo ikifa kwa kiangazi huko Sericho na Korbesa, sisi tunaomba mvua. Ukiuliza visima tulivyoahidiwa viko wapi, unaambiwa hiyo ni siasa, funga macho tuombe.

Halafu tukaletewa Mchungaji Mwendwa. Mama mdogo wa mwili, sauti ya chini, unaweza kumpita sokoni usimwone. Siku mheshimiwa aliponyoosha mkono achukue maiki kama kawaida yake, Mwendwa akaificha nyuma ya mgongo. "Karibu uabudu na sisi, mheshimiwa. Hapa mbele leo linasikika Neno peke yake." Woi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na benchi langu. Mheshimiwa alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Mwendwa hakuishia hapo. Kiangazi kilipozidi alisema kuombea watu wenye kiu bila kuwapelekea maji ni kumdanganya Mungu mchana. Tukapanga safari ya kupeleka maji Sericho. Lori tulipewa na kijana anayeitwa Sahal, mtoto wa Hamdia, jirani yangu sokoni anayeuza maziwa ya ngamia. Sahal alikuwa dereva, mwenye lori lake mwenyewe, na mdomo wake haukuwa na breki. Njia nzima alitutania. Ati wamama wa Meru tunaimba kila bonde utafikiri tunalipwa kumfukuza shetani.

Kule Sericho tulikuta kisima kipya, kimepakwa rangi, utepe wa uzinduzi bado umefungwa kwenye nguzo. Hakikuwa na maji. Sahal akashika mpini wa pampu, akapiga, akapiga, vumbi tu likatoka. Akajirekodi na simu, sisi tumesimama nyuma yake na vitambaa vyetu vya kanisa kichwani. "Hiki ndicho kisima waheshimiwa walichokuja kukizindua," akasema. "Msiniamini mimi. Kanisa limejionea."

Ile video ilizunguka kila simu. Haukupita mwezi, gari lisilo na namba likasimama kwenye gereji alikokuwa Sahal akitengeneza lori, mchana, watu wakiona. Wakamwingiza, wakaenda. Aliyeonekana kwenye video si yeye peke yake. Mimi pia nilikuwa pale, na sura yangu inaonekana vizuri kabisa. Lakini walimchukua yeye.

Hamdia alizunguka kila mahali. Msikitini walimwombea dua. Kwa askari aliambiwa labda kijana amevuka mpaka, vijana wa siku hizi. Siku moja akaacha maziwa yake, akaja akaketi juu ya gunia langu la viazi. Uso ulikuwa umemkauka.

"Mama Kobia, wewe hushika maiki," akasema. "Mtaje."

"Mama Sahal, hayo ni mambo ya kanisa."

"Alisema kanisa limejionea. Si hata nyinyi mlikuwa pale?"

Nilimpelekea Mchungaji Mwendwa hilo neno, na akawaita wazee wa kanisa siku hiyo hiyo. Nikaketi karibu na mlango, sehemu ya mtu anayejiandaa kukimbia. Mzee Kubai alipandisha sauti. "Huyo si mshirika wetu. Ni Mwislamu, ana msikiti wake. Mnatafuta nini kwenye moto?"

"Maji yetu alibeba," Mwendwa akasema. "Na akatutaja sisi kuwa mashahidi wake. Sasa tuseme hatukuona?"

"Mtaua watu nyinyi!" Kubai akasema, na nikaona midomo yake inatetemeka. Kumbe hata yeye anaogopa. Hilo halikunifariji hata kidogo.

Mwishowe walikubaliana. Ikabaki swali moja, na kwetu si swali dogo. Sahal atajwe wapi? Desturi yetu ni hii: wakitajwa wagonjwa na wasafiri, tunaketi na kuinamisha vichwa. Wakitajwa waliolala, tunasimama. Hakuna mtu huwa anatangaza simameni, kila mshirika anajua, hata watoto wanajua. "Atatajwa pamoja na walio safarini," Mwendwa akasema. "Hatujaonyeshwa kaburi. Kwetu yuko hai, na tutaketi."

Jumapili ya kwanza niliishika maiki kwa mikono miwili. Spika yetu moja inaangalia barabara, hiyo niliikumbuka wakati nimeshafungua mdomo. "Na Sahal, mtoto wa Hamdia, aliyechukuliwa na hajarudi. Bwana, mlinde huko aliko." Nilirudi kwenye benchi nikiwa sijui nimepita wapi.

Juma hilo hilo mume wangu, Murithi, alipigiwa simu ofisini. Murithi ni mtu wa serikali, karani, hajawahi kuchelewa kazini maishani mwake. Sauti ilimwuliza anapenda kazi yake kiasi gani. Halafu ikamwuliza kama mke wake bado anapitia ile njia ya nyuma ya kiwanja akitoka sokoni. Basi. Ikakata.

"Gakii, nakuomba," Murithi akaniambia. Tangu anioe hajawahi kuniambia nakuomba. "Taja wagonjwa. Taja wenye mitihani. Huyo mwachie Mungu."

Niliacha kupitia ile njia. Kila gari likipunguza mwendo nyuma yangu, naingia duka lililo karibu. Mteja akiniangalia sana namfungia viazi haraka aende. Na Jumapili iliyofuata, kwenye benchi la mwisho, palikuwa na mgeni. Kijana wa jaketi la kahawia, nywele fupi, viatu vizito. Hakuimba. Aliniangalia tu mimi. Akaja tena Jumapili nyingine, na nyingine, na kila mara mimi nataja jina la Sahal nikiangalia kila mahali isipokuwa benchi lile.

Kuna Jumapili tulimtaja bibi mmoja wetu aliyelala. Kanisa likasimama, yule wa jaketi akabaki ameketi, anaangalia huku na huku. Mzee Kubai, aliyekuwa karibu, akamwinamia, na namjua Kubai, hawezi kunong'ona hata umlipe. "Hapa kwetu, kijana, waliolala tunawasimamia." Kijana akasimama. Nikajiambia, ona sisi, hata mtu aliyetumwa kutuwinda tunamfundisha adabu!

Baadaye nikakata shauri. Basi, yatosha, mimi nina nyumba. Nikaenda kwa Hamdia sokoni nimwambie nimeacha, mwingine ataje. Nilimkuta anamimina maziwa. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye.

"Wajua, Jumapili nikiwa nyumbani nasikia spika yenu," akasema. "Siku nyingine zote watu wakimtaja mtoto wangu mbele yangu wananong'ona. Wewe tu ndiye hunong'oni."

Mimi! Mimi ninayekimbia tairi!

"Hii Jumapili nitakuja niketi na nyinyi," akasema. "Niwashukuru. Si vibaya?"

"Si vibaya," nikasema. Nikarudi kwa viazi vyangu nikiwa na hasira na yeye, na Mwendwa, na mimi mwenyewe, na Sahal pia na huo mdomo wake. Hasira ya mtu aliyebanwa. Murithi hakuongea na mimi mpaka Jumapili. Asubuhi aliniangalia nikivaa, akasema tu, "Nitakuja na wewe." Nilitaka kulia.

Hamdia alikuja kweli. Mtandio mweusi, amejipaka hina mikononi kana kwamba anakuja sherehe. Akina mama wakamkalisha benchi la mbele. Mchungaji Mwendwa akashuka akamsalimia kwa mikono miwili. Murithi aliketi katikati, mgongo umenyooka. Na nyuma kabisa, jaketi la kahawia.

Nikapewa maiki. Nikataja wagonjwa. Nikataja msichana aliyeenda chuo na baba yake Mwiti aliyeko hospitali ya Meru. Nikamwangalia Hamdia, akanitikisia kichwa, kama kuniambia haya, endelea.

"Na Sahal, mtoto wa Hamdia, aliyechukuliwa na hajarudi. Bwana, mlinde huko aliko."

Nyuma benchi likagonga sakafu.

Yule kijana alikuwa amesimama. Peke yake, kichwa ameinamisha, mikono ameikunja mbele. Akainua macho akaona kanisa lote tumeketi, na uso wake ukabadilika rangi. Nikadhani ataketi. Mtu akikosea si huketi? Akashika mgongo wa benchi la mbele yake kwa mikono yote miwili, akabaki pale pale amesimama.

Kila mshirika alikuwa ameelewa, niliona jinsi vichwa vilivyogeuka kimoja kimoja. Mwendwa alikaza mkono kwenye mimbari. Ni mtu mmoja tu mle ndani ambaye hakuelewa. Hamdia alikuwa amegeuka kumtazama huyo kijana mgeni aliyesimama kwa jina la mtoto wake. Akaweka mkono wa hina kifuani.

"Asante, mwanangu," akamwambia. "Mungu akuweke."

Nilitaka kukimbia. Mlango wa pembeni uko hatua chache kutoka pale mbele, na miguu yangu ilishaanza kuuelekea yenyewe. Nikaifikiria ile simu. Nikamwangalia Murithi, na Murithi alikuwa analia waziwazi, machozi yanashuka kwenye tai. Nikashindwa kwenda.

"Wewe uliyesimama," nikasema kwenye maiki. "Unajua kusimama hapa kwetu ni nini?"

"Najua, mama," akajibu.

Basi hatukuwa na la kushikilia tena. Wa kwanza kuinuka alikuwa Mzee Kubai. Akafuata Murithi, wakafuata akina mama, benchi baada ya benchi, polepole, hakuna aliyetaka. Hamdia naye, akiona watu wote wako wima, akasimama kwa adabu, akarekebisha mtandio. Akanisogelea.

"Mama Kobia," akaninong'oneza, "tumesimama kwa nini?"

Lile gari lisilo na namba, kazi ya Murithi, njia ya nyuma ya kiwanja, yote yalinitoka. Nilimwogopa huyu mama tu. Alikuwa ananiangalia kwa shukrani, anangoja nimjibu.

Nikamshika bega. "Mama Sahal," nikasema, "hapa kwetu tunawasimamia waliolala."

Sikukumbuka maiki. Ilikuwa kidevuni pangu, na spika ilishapeleka neno hilo mpaka barabarani.

Hamdia hakupiga kelele. Akageuka, akatembea katikati ya mabenchi, mkono mmoja unashika kila ubao anaoupita asianguke. Watu wakampisha. Akasimama mbele ya kijana wa jaketi, na yeye ni mfupi, ilibidi ainue uso.

"Yuko wapi?" akamwuliza. "Niambie, nikamzike mtoto wangu."

Kijana akaangalia mlango. Nje kwenye uzio watu walikuwa wameanza kujaa, watu wa bodaboda, wanawake wa maziwa. Mimi nilikuwa nimemfuata Hamdia bila kujua, na sasa nilikuwa karibu na yule mtu kiasi cha kusikia pumzi yake. Nikainua maiki nikaiweka mbele ya mdomo wake, na sikuitoa.

Akafuta uso kwa mkono wa jaketi, akaanza kusema.