Niko Tu

Tone. Kisha tone lingine. Alanyo aliyasikia akiwa bado kwenye ngazi za jengo lile la Bugolobi, akadhani bomba la ghorofa ya pili limeanza tena mambo yake. Alipofungua mlango akakuta ni kompyuta ya mafunzo. Maji yalitoka chini ya skrini, ya uvuguvugu, yana chumvi.

"Leteni beseni," alisema Khaemba, Mkenya aliyeletwa kuwafundisha watafiti wa saikolojia jinsi mashine inavyojifunza. "Tuliishia wapi jana?"

Waliishia kwenye majibu. Wajane elfu moja wa kambi za polisi walikuwa wameulizwa hali zao. Watafiti walisoma majibu mia sita, kila moja wakalibandika lebo: mzima, au ameumia. Mashine ilijifunza kutoka lebo hizo, na sasa ilikuwa ikiyapanga yaliyobaki yenyewe. Walioumia wangepelekewa mshauri. Wazima, barua ya shukrani.

"Huyu ni kasuku," Khaemba alisema. "Mfundishe matusi, atamtukana mkweo."

Wakacheka. Kwenye skrini likapita jibu la 712: *Niko tu. Nakunja sare yake kila Jumapili.* Mashine ikaandika: mzima. Tone.

Sare ile Alanyo aliijua, ya marehemu shemeji yake. Jibu lilikuwa la dada yake, Abalo.

"Daktari," akamwambia Erinayo, mkuu wa utafiti, "nani alisema 'niko tu' ni mzima?"

"Mimi. Si ndiyo *gyendi* yetu? Mtu akijibu yupo, hajambo."

"Hiyo ni kwa Kiganda. Kambini ni mtu aliyebakiwa na kuwapo tu, hana kingine."

Erinayo akatazama beseni, akatazama saa. "Ungesema juzi, nnyabo. Orodha ya walioumia inaondoka leo. Na mashine imekubaliana nasi mara tisini na nne kwa mia."

"Itaachaje kukubaliana nanyi, na ninyi ndio mlioifunza?" Khaemba aliuliza, lakini taratibu, kama mgeni.

Juzi, lebo zilipobandikwa, Alanyo alikuwapo. Alinyamaza, asijulikane kuwa ni mtoto wa kambini.

Walipokezana kumwaga beseni hadi saa saba. Orodha ikaondoka ilivyo. Wenzake walipokwenda kula matoke, Alanyo alibaki kando ya meza, akapiga simu.

"Dada, u hali gani?"

"Niko tu."

Tone likaanguka.

"Jumapili nakuja," Alanyo alisema. "Tutaikunja sote wawili."