Mawe ya Skelbeck Yarudi Kwao

Saa kumi alasiri, Jumatatu, Doreen Raistrick alikuwa kwenye ukuta wa magharibi wa jumba la Skelbeck, Yorkshire, akikwangua saruji kwa tindo. Fundi aliyemtangulia aliziba viungo vya mawe kwa saruji, na jiwe la kale likizibwa hivyo halipumui. Doreen akarudishia chokaa. Jumba likavuta pumzi, likapiga chafya. Jiwe moja likachomoka, likashuka ngazi, likakatiza bustani kuelekea bwawani. Mengine yakafuata kwa adabu, makubwa yakiyasubiri madogo.

Doreen alimaliza chai yake kwanza.

Saa kumi na moja mawe yalikuwa yamejipanga kando ya bwawa: vijumba kumi na kimoja, kijiji kilichobomolewa zamani na babu wa babu yake Sir Peregrine, mwenye jumba, kwa kuwa kilimharibia mandhari ya sebuleni; mawe yake akayajengea jumba.

Sir Peregrine alitoka na mbwa wake.

"Doreen, mawe yangu yanakwenda wapi?"

"Kwao, bwana mkubwa."

"Kwao ni hapa!"

"Haya, kayaambie."

Akaenda, akayaambia. Mbwa alikojolea kijumba cha tatu.

Edna, mama yake Doreen, alitazama kutoka nyumba ya mwisho ya kijiji iliyosalia. Alikuwa mpangaji wa Sir Peregrine, na alishaandikiwa barua ahame kabla ya Oktoba, maana chupi zake kwenye kamba zilionekana kutoka sebuleni.

"Kile kizingiti cha jiwe dirishani ni cha kina bibi," alisema. "Kina jina letu. Sasa atanifukuzaje, mjinga yule?"

Asubuhi mawe yalirudi ukutani, yameloa umande. Ikawa hivyo kila siku: jioni bwawani, asubuhi ukutani. Watu walikuja kutoka Leeds kutazama. Sir Peregrine alikiri mbele yao kwamba babu yule wa kale alikosea, wakampigia makofi. Wageni walihitaji mahali pa kunywea chai, na nyumba ya Edna ilikuwa pale pale bwawani.

Basi Edna alihamishiwa mji wa Keighley, jengo la matofali, ghorofa ya tatu. Jioni ya kwanza kizingiti kilimfuata. Lifti ilikuwa mbovu, kikapanda ngazi.

"Umechelewa," Edna alikiambia, akaweka kikombe juu yake.

Mawe mengine yalirudi ukutani yenyewe asubuhi, hiki hakikurudi. Doreen alikuja na pikapu. Ubavuni kilikuwa na namba 41, rangi nyeupe, mwandiko wa Sir Peregrine, aliyekwisha kuyahesabu mawe yake yote.

"Kiache kimalize chai," Edna alisema.

Doreen akasubiri. Kisha akakibeba, kwa kuwa ukuta ulikuwa na shimo.