Bando la Kazi

Jumanne saa tatu asubuhi, Hayat alikuwa akiandika majina ya abiria wa boti ya Kiwayu pale leso yake ilipotokeza maandishi karibu na pindo: *Mama, umemeza dawa ya presha?*

Ulikuwa ujumbe aliomtumia mamake huko Pate dakika mbili nyuma, kwa simu ya kampuni. Abiria mmoja aliusoma, akamwombea mgonjwa shifaa, akalipa nauli.

Ilikuwa hivyo tangu wafanyakazi watie sahihi sera mpya: bando la kampuni ni la kazi tu. Ujumbe wa binafsi ulijichapa kwenye nguo ya aliyeutuma. Ubaid, nahodha, alikuwa ametembea siku tatu nzima na maneno ya kumbembeleza mchumba wake mgongoni, na sabuni haikusaidia. Meneja wao, Ronald, alifurahi. Hakuhitaji tena kukagua simu.

Saa sita alimwita Hayat mbele ya Rosebella, afisa wa wafanyakazi kutoka Mombasa. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa mezani.

"Jumbe kumi na nne," alisema Ronald. "Zote za dawa."

"Mama yu peke yake, Bwana Ronald. Asipokumbushwa hamezi."

"Si ungetumia bando lako?"

"Langu huisha kwa kazi. Nikifika nyumbani wewe waniuliza orodha za abiria, na simu ya kampuni hulala hapa ofisini."

Rosebella akainua macho. "Ronald, hebu geuka."

Kwenye shati lake jeupe maandishi yalikuwa yakipanda kutoka kiunoni hadi kwenye kola. *Hayat, orodha ya kesho. Hayat, bado? Ubaid, mafuta yamebaki lita ngapi? Najua leo ni Idi, lakini nijibu.* Rosebella alisoma yote kwa sauti. Alipofika kwapani alimwomba ainue mkono.

"Sera haikutaja haya," alisema Ronald.

"Haikutaja kazi inayokula bando la mfanyakazi. Na makao makuu hayana fungu la kumrudishia, basi hatudaiani." Kisha akaichana ile barua vipande vinne.

Ronald alitoka kwenda kununua shati jeusi.

Hayat alisimama kivulini nje ya ofisi, akampigia mamake kwa simu yake mwenyewe.

"Nimemeza," alisema mama. "Kazi ndema?"

"Ndema, alhamdulillahi."

Jioni alikuwa akikaanga mahamri simu ilipolia. Ronald alitaka orodha ya kesho. Hayat alipangusa unga mikononi, akanunua bando la shilingi ishirini, akamtumia. Kisha akaketi, akala hamri la kwanza lingali moto.