Utomvu wa Mgomba kwenye Gari la Harusi

Tangu Penina afungue sehemu yake ya kuosha magari pale Sakina, miezi mitatu sasa, Lesian, fundi rangi wa gereji ya jirani, hajampa shikamoo hata siku moja. Kijana wa miaka ishirini na saba, na mama wa watu ana hamsini! Kazi yake ilikuwa kupita akiwatangazia wenzake kwamba mama huyu arudi Meru akamenye ndizi. Penina aliumia, asikudanganye mtu, lakini alikaza uzi.

Jumamosi moja asubuhi na mapema Elirehema, mkodishaji wa magari ya harusi, akamletea gari jeupe la kumbeba bibi harusi. Ndoa ilikuwa saa saba, Makumira. Jana yake wajomba wa binti, kwa furaha iliyopitiliza, walikata migomba michanga wakaifunga kwenye boneti, kama wanavyopamba geti. Nani alikumbuka utomvu? Kulipokucha ulikuwa umechuruzika mpaka milangoni ukakauka, michirizi ya kahawia tupu. Sabuni iligonga mwamba.

Elirehema alisema wazi: likitakata, magari yake yote yataoshwa kwa Penina, likiharibika, Sakina nzima itajua. Lesian akadakia, akaja na msasa mkononi, akaapa kwamba bila kukwangua hautoki.

Penina akatazama michirizi ile, kisha akacheka peke yake. Loo, akili ilikuwa wapi? Mwanamke gani wa Kimeru hushika ndizi mbichi kabla ya kupaka mikono mafuta? Utomvu ule haujui sabuni, unajua mafuta.

"Weka msasa wako chini," alimwambia Lesian. "Hii kazi naijua tangu nina miaka sita."

Akachukua mafuta ya alizeti na kitambaa laini, akajaribu kwanza pembeni, chini ya mlango. Rangi ikabaki salama. Basi akapaka michirizi yote, akaiacha ilowe, akaifuta taratibu bila kukandamiza. Palipogoma alitia spiriti kidogo. Vijana wa gereji waliacha spana zao wakaja kutazama. Mwisho akaosha kwa sabuni na kupiga waksi.

Saa tano Elirehema alilizunguka gari mara mbili, ameinama, asione hata alama. Palepale akampigia simu dereva wake, akamwambia kuanzia wiki ijayo magari yote yapelekwe kwa Mama Penina. Penina alitaka kuruka kwa furaha. Akajifanya anakamua kitambaa.

Jumatatu Lesian akaja na gari la mteja lililolala chini ya msonobari, limejaa utomvu juu mpaka chini. Safari hii hakuja na msasa. Alisimama, akakohoa, akavua kofia. Penina hakumsaidia, aliendelea kuosha tairi.

"Shikamoo, fundi," Lesian alisema hatimaye.

Penina akanyoosha mgongo, akahakikisha gereji nzima inasikia.

"Marahaba, mwanangu. Mafuta ukanunue mwenyewe."