Mgombea Aliyekataa Kutaja Kwao

Shufaa alikuwa na turufu moja tu, na aliificha tangu kampeni zilipofunguliwa. Turufu yenyewe ilikuwa bibi mmoja wa pale pale kijijini Ndagoni, jina lake Bimkubwa, mama mdogo wa Zulfa Mansuri. Zulfa alikuwa akigombea urais kwa tiketi ya chama kidogo ambacho Shufaa alikuwa katibu wake wa kata.

Mzee Mansuri, baba yake Zulfa, alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa na misumari Kilindoni, mji mkubwa wa kisiwa chao. Mama yake, marehemu Mwanamkuu, alizaliwa Ndagoni, tumbo moja na Bimkubwa. Ndoa ile ilizua maneno pande zote mbili. Wahindi walinuna, watu wa Ndagoni wakanuna, na mtoto akakulia nyuma ya duka mpaka alipopelekwa Dar es Salaam kusoma. Akawa wakili. Wengi kijijini walikuwa wamekwisha kusahau kwamba yule wakili wa kwenye televisheni ana damu yao.

Kisha zikaja simu. Picha ya Zulfa, aliyevishwa sari ya kubandika na kutiwa doa jekundu kwenye paji la uso, ilizunguka kila kundi la WhatsApp kisiwani, na chini yake sauti ya mwanamume: gabacholi huyu ana pasi mbili, akishindwa atapanda ndege arudi Bombay, akishinda atauza bahari. Siku hizi hakuna anayethubutu kusema hadharani kwamba mwanamke hawezi kutawala. Hata kwenye kijiwe cha kahawa atachekwa. Kwa hiyo katika hilo wapinzani wake walipita mlango wa nyuma, wakashika talaka zake. Mwanamke aliyeshindwa kukaa na mume, tena mara mbili, ataiwezaje nchi? Wagombea wanaume waliokuwa na talaka zao hakuna aliyewauliza. Shufaa alipolisema hilo kwa sauti, aliambiwa ayaache mambo ya wanaume.

Lakini maneno ya ugeni ndiyo yaliyomchoma kuliko alivyotarajia, maana aliyaishi nyumbani kwake. Mumewe, Taufiki, alikuwa mvuvi kutoka Kilwa. Alikuja kwanza na wenzake kwenye dago la Shungimbili, kambi ya wavuvi wa msimu. Akamwona Shufaa Kilindoni anauza samaki wa kukaanga, msimu ukaisha yeye asirudi kwao. Watoto wao walizaliwa Ndagoni na kusoma Ndagoni, lakini wakigombana na wenzao mpirani bado waliitwa watoto wa dago. Taufiki mwenyewe aliacha kwenda mikutano ya kijiji siku aliponyoosha mkono kuuliza habari za nyavu, akaambiwa wageni wasubiri wenyeji wamalize.

Siku ya mkutano mambo yaliharibika tangu asubuhi. Shamte, mwenye gari la matangazo, alipiga simu kusema betri imekufa. Shufaa akamfuata kwake, akalikuta gari linaunguruma na spika ziko juu. Shamte akamwambia ukweli bila kumtazama: hakutaka biashara yake ionekane inampigia debe Mhindi. Gari la mgombea mwenyewe lilikuwa limebaki ng'ambo, Nyamisati, kwa kukosa nafasi kwenye kivuko. Basi Shufaa akakodi bodaboda, akaenda Kilindoni kumpokea mgombea urais bila gari wala spika, na moyo umemjaa aibu.

Zulfa alikuwa mama mnene wa makamo, mfupi kuliko alivyoonekana kwenye televisheni, kavaa dera la kijani na makubazi. Alimsikiliza Shufaa mpaka mwisho, akasema sauti anayo, amesimama mahakamani miaka mingi bila spika. Akapanda bodaboda, akakaa upande, mkoba mapajani, askari wake mmoja akimfuata kwa bodaboda nyingine. Njia nzima aliwapungia watu na kuwaamkia wazee. Waliokataa kumwitikia aliwapungia vilevile.

Walipopumzika nyumbani kwa Shufaa kunywa maji, Shufaa akaitoa turufu yake. Bimkubwa yuko tayari, alisema, amenunua hata kanga mpya. Atapanda jukwaani aseme huyu ni mtoto wa dada yangu, na fitina yote ya Uhindi itakufa papo hapo.

Zulfa aliishusha bilauri ya maji.

"Mama mdogo yu hai," alisema polepole, kama anayejiambia mwenyewe. Kisha akasema, "Nitakwenda kwake mkutano ukiisha. Jukwaani asipande."

Shufaa hakuuliza sababu, kwa kuwa alidhani anaijua. Huyu anaona haya, aliwaza. Anawaonea haya jamaa zake weusi wa kijijini wanaokula muhogo. Alikwenda naye uwanjani akiwa amekunja uso, akijilaumu kwa jasho lote alilomwaga kwa ajili yake.

Uwanja wa mpira ulijaa, wengine wamekuja kumshangaa tu. Bimkubwa alikaa mkeka wa mbele na kanga yake mpya, akingoja kuitwa. Kule mwisho wamesimama wavuvi wachache wa dago waliokuja kijijini kuchukua maji na mkaa, na Taufiki kati yao, mbali na watu kama kawaida yao.

Zulfa alianza na kina mama wajawazito wanaovushwa bahari kwenda kutafuta matibabu bara. Hakuwa amefika mbali, Hemedi akapanda juu ya tandiko la pikipiki yake. Hemedi alikuwa fundi wa mashine za boti, kijana mwenye maneno, na alikuwa akipigia kampeni chama kingine.

"Gabacholi," aliita, "tuambie kwanza. Kwenu wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Shufaa aliinuka. Jina la Mwanamkuu lilikuwa limekwisha kumfika kwenye ulimi, na Bimkubwa naye ameshika bega la jirani yake ili anyanyuke. Zulfa akamwekea Shufaa mkono begani, akamkalisha.

"Swali hilo naulizwa tangu shule ya msingi," alisema. "Ninalo jibu ambalo nikilitoa mtanipigia makofi sasa hivi, na baadhi yenu mnalijua. Sitalitoa. Nikilitoa nitakuwa nimekubali kwamba asiye na jibu kama langu hana haki ya kusimama hapa." Akaelekeza kiganja kwa wavuvi wa mwisho wa uwanja. "Wale wanavua bahari hii, wanazika pamoja na nyinyi, wanaoa kwenu. Wakija na shida yao, mtawauliza kwao wapi? Mimi ni raia. Nipimeni kwa ninayoyasema. Mkiona ni upuuzi, msinipe kura."

Kicheko kilikatika. Hemedi hakutaka kushuka hivi hivi, akauliza tena, safari hii habari za waume.

"Talaka ni mbili, kweli," Zulfa alimjibu kwa sauti ile ile. "Wa kwanza alikuwa akinipiga. Wa pili alitaka niache kazi. Nimewaambia ili msipate tabu ya kuulizana. Sasa turudi kwa wajawazito."

Hapo kina mama ndio waliocheka, na kilikuwa kicheko cha watu wanaolijua vizuri jambo linalosemwa.

Si kwamba uwanja wote ulimgeukia. Wako waliokung'uta kanzu zao wakaenda zao, na mzee mmoja alisikika akisema mwanamke huyu ana kiburi. Lakini Zulfa alizungumza mpaka sauti ikamkauka. Alijibu kila aliyenyoosha mkono, na Hemedi alipouliza kwa nini petroli ya boti ni ghali zaidi kisiwani, alimwambia hajui kwa hakika na hatamdanganya, akaandika namba ya simu ya Hemedi ili ampe jibu baadaye. Hemedi alishuka kwenye pikipiki, akakaa chini kama wengine.

Shufaa alimtazama wakati wote huo, na kitu kilikuwa kikimgeuka moyoni. Yeye alikuwa amekuja na damu kuwa ngao, na damu hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwapiga wanawe mpirani. Mwanamke huyu alikuwa nayo mkononi, imekaa mkekani imevaa kanga mpya, na ingemwokoa kwa neno moja. Akaiweka chini akasimama mikono mitupu mbele ya matusi. Shufaa alikuwa hajapata kuona ushujaa wa namna ile, na alijutia alivyomfikiria.

Bimkubwa hakuelewa hivyo. Zulfa alipoingia uani kwake na kupiga magoti kumwamkia, bibi aligeuza uso, asiitikie shikamoo yake.

"Umenificha mbele ya watu," alisema.

"Sikukuficha, mama mdogo. Nimekataa tu kukufanya kitambulisho changu. Kule nilikuwa naomba kura. Hapa nimekuja kwa mama yangu."

Bimkubwa alimtazama muda mrefu, akitafuta sura ya dada yake katika uso ule. "Marahaba," alisema hatimaye, akaagiza muhogo wa nazi upakuliwe. Zulfa alikula kwa mkono, na kabla hajaondoka walikuwa wamekwisha kulia pamoja na kucheka pamoja.

Jioni hiyo Taufiki alimfuata Shufaa jikoni.

"Yule mama amenitaja," alisema.

Shufaa akamwambia hakumtaja mtu kwa jina.

"Amenitaja," Taufiki akasema tena, akaenda kunawa.

Kura zilipohesabiwa, Zulfa Mansuri alishindwa vibaya nchi nzima. Ndagoni alishika nafasi ya pili, mbele ya vyama vilivyokuja na magari na fulana. Alimpigia Shufaa simu kumshukuru, akauliza kama kina mama bado wanavushwa bahari. Shufaa akamjibu wanavushwa. Basi tuendelee kusema, Zulfa alimwambia, na wakapanga nani ataandikiwa barua na nani atafuatwa ofisini.

Baadaye kijiji kiliitisha mkutano kuchagua kamati ya ulinzi wa bahari. Mtu mmoja akapendekeza jina la Taufiki, na minong'ono ikaanza: mtu wa Kilwa huyo. Shufaa akasimama. Maneno yaliyomjia kwanza yalikuwa yale ya zamani, kwamba huyu ni mume wangu na wanawe wamezaliwa hapa. Akayameza.

"Msiulize kwao," alisema. "Ulizeni kama anaijua bahari, na kama ataweza kumkamata anayevua kwa baruti hata akiwa rafiki yake. Mkiona hawezi, msimchague."

Mwenyekiti akaomba mikono. Iliinuka mmoja mmoja, ya kina mama ikitangulia. Hemedi alitazama chini, akajikuna shingo, kisha naye akainua wake. Mwenyekiti akaihesabu, akasema imetosha, akamwita Taufiki atoke kule pembeni alikosimama, aje akae mbele.